Naombeni ushauri: shule ndogo ishindane na kubwa kwenye mbio za nyika?

Habari zenu wadau. Nafundisha riadha kwenye shule ndogo ya sekondari, na mbio za nyika zinaniumiza kichwa.

Hesabu yake mnaijua: timu huingiza wakimbiaji 7, nafasi za 5 wa kwanza zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo anashinda. Shule kubwa inawachuja hao 7 kutoka kundi kubwa la wanafunzi. Mimi nina wasichana 6 tu. Wakiumwa wawili, hatuhesabiwi kabisa kama timu.

Mashindano yaliyopita wa kwanza wangu alishika nafasi ya 2, wa tano akaingia wa 88, jumla ikaharibika hapo hapo. Binti huyo wa tano akasimama mbele ya ubao wa matokeo, bado anahema, akaniuliza, "Mwalimu, ni mimi nimewaangusha?" Na siku hiyo alikuwa amekimbia muda wake bora kuliko wote! Iliniuma sana.

Sasa nishaurini. Nibaki na mashindano ya shule za ukubwa wetu, ambako hata huyu wa tano ataona mchango wake? Ila kwenye mbio kubwa yule wa kwanza anavutwa na wenye kasi, na sitaki kumnyima hilo.

Pia, mliowahi kufundisha timu ndogo, pengo la wa kwanza na wa tano mlilipunguzaje? Nawaza kuwafanyisha mazoezi wa tatu, wa nne na wa tano pamoja, wakae karibu karibu hadi mwisho wa mbio. Kuna aliyejaribu?