Unagawa jedwali la eksoni bila kichwa, halafu unasema "iko safi"? Eksoni ni vile vipande vya jeni vinavyobaki kwenye ujumbe wake wa RNA; kichwa ni ule mstari wa juu unaosema faili ni ya aina gani na namba ni za toleo gani.

Wandugu, niko Katuba hapa Lubumbashi, saa nane za usiku, kichwa kinawaka moto. Siku ya tatu hii napigana na faili niliyotumiwa kwa WhatsApp na mmoja wetu humu. "Chukua, iko safi." Safi gani?

Jeni yenyewe ni HBB, ile ya selimundu, kromosomu ya 11. Eksoni tatu tu! Ingekuwa jeni ya distrofini na eksoni zake 79 ningenyamaza.

Faili linasema eksoni moja inaanza 5248159, inaishia 5248301 (namba za herufi za DNA kwenye kromosomu). Jedwali langu la zamani linasema 5248160 hadi 5248301. Nikajua langu ndilo bovu, nikakaa kutoa moja kwenye kila mwanzo, mstari kwa mstari, kwa mkono. Kumbe hakuna lililokosea! Lake ni la mpangilio wa BED, linahesabu kuanzia sifuri na namba ya mwisho haimo. Langu ni la mpangilio wa GTF, linaanzia moja na namba ya mwisho imo. Eksoni ni ileile, herufi 142. Sasa kwangu zote zimenenepa herufi moja moja.

Haya, nikapanga praima (vipande vifupi vya DNA vya kuagiza, vya kuanzishia kunakili eksoni) kwenye mstari wa kwanza. Nani aliniambia HBB inasomwa kinyumenyume, kwamba mstari wa kwanza wa faili ndio eksoni ya tatu? Herufi inayoleta selimundu iko eksoni ya kwanza! Nusura nitume oda. Dola za mjomba hizo.

Na toleo la ramani ya DNA je, 37 au 38? Hakuna neno. Nilipomuuliza akajibu "ya binadamu". Asante sana, nilidhani ya mbuzi. Herufi ya selimundu iko 5248232 kwenye GRCh37, toleo la zamani. Kwenye GRCh38, lililofuata, iko 5227002. Mimi nilikuwa naichimba kwenye 38 kwa namba za 37, herufi 21230 pembeni, mega za intaneti zinaisha, umeme unakatika. Ni kumtuma mgeni Kamalondo na namba ya parsele (kiwanja) ya Ruashi. (Langu pia nililinakili bila kichwa mwaka jana, hilo nakiri. Lakini sikumgawia mtu!)

Mwenye skripti (programu fupi) ya kugeuza BED iwe GTF bila kugusa namba kwa mkono, aiweke hapa, nina mtihani Jumatatu. Na wewe wa "iko safi", naona uko hewani. Jibu: zile faili nyingine nne ulizonitumia ni 37 au 38?