Naomba ushauri: plasta inabanduka chini ya ukuta

Habari wakuu. Nyumba iko Kigamboni, tofali za inchi 6, msingi wa mawe. Plasta inavimba na kutoa unga mweupe wa chumvi toka sakafuni hadi futi 3. Juu ya hapo pakavu kabisa. Juu ya msingi hakukuwekwa DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani), hivyo maji ya ardhini yanapanda. Kupaka rangi ya mafuta ni kujidanganya, unyevu unahamia juu zaidi.

Nibandue hadi futi 4 na kupiga plasta upya, saruji 1 mchanga 4 na dawa ya kuzuia maji? Au nikate ukuta kwa vipande vya mita moja moja, nipitishe DPC? Waliokata: mlisubiri siku ngapi kabla ya kipande cha jirani, na nyufa je?