Cheti cha tabia njema kimerudi na hatia ambayo sina, nifanyeje?

Baharia_Likoni:
Salaam aleikum wazee, naombeni msaada manake hapa nimekwama. Nimepata kazi ya udereva Qatar, wakala anataka cheti cha tabia njema, nikajaza eCitizen (ile tovuti ya serikali ya Kenya) nikalipa ile 1,050 nikaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, nikajua yamekwisha. Kumbe wapi! Rekodi inaonyesha ati mwaka 2011 nilipatikana na hatia ya kumpiga mtu na kumuumiza. Kesi yenyewe siikatai, nilipigana na jirani sababu ya mbuzi (msicheke), lakini jirani mwenyewe alisimama kortini akasema amenisamehe, hakimu akaniambia nenda nyumbani. Sikufungwa hata siku moja wala sikulipa faini. Sasa hatia imetoka wapi? Wakala amenipa wiki 3 na kuna jamaa anataka elfu 15 "aisafishe".

MamaZuu:
Hiyo elfu 15 kanunulie wanao samaki. Vidole vyako viko kule kule kwa polisi, huyo atakuchapia karatasi tu, nawe ukiipeleka ni kosa jipya, kifungu cha 353 cha kanuni ya adhabu. Utoke kesi ya mbuzi uingie ya karatasi bandia, wataka?

Rejistri_Mstaafu:
Mwanangu, nimekaa rejistri ya korti mpaka nikastaafu, haya nimeyaona sana. Hakimu kwa mdomo alikwambia nenda nyumbani, lakini kwenye faili aliandika kifungu, na hicho kifungu ndo kila kitu. Kama ni 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, yaani mlalamishi ameondoa malalamiko na korti ikakubali, wewe umeachiliwa huru kabisa. Kama ni 87(a) cha sheria hiyo hiyo, upande wa mashtaka ndo wameondoa kesi, na ikiwa ulikuwa hujaanza kujitetea basi wangeweza kukushtaki tena, lakini hata hiyo si hatia. Shida ni kwamba vidole huchukuliwa mwanzo, matokeo yanafuata baadaye kwa karatasi, na enzi zile mtu anajaza kwa mkono, faili zimemjaa mezani, akiteleza mstari mmoja umeshakuwa mfungwa.

Nenda korti iliyosikiza kesi, omba kwa barua nakala ya mwenendo wa kesi na uamuzi, ihakikiwe, iwe na muhuri na sahihi. Usikubali fotokopi tupu. Ukiipata, ipeleke DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, makao makuu Kiambu Road Nairobi, uombe rekodi irekebishwe, bakisha kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huduma Centre hawawezi kukusaidia hapo.

Baharia_Likoni:
Shukran mzee. Sasa nambari ya kesi ndo sina, miaka yote hiyo nimehama nyumba mara 4.

Rejistri_Mstaafu:
Uliweka dhamana ya pesa taslimu? Nambari ya kesi iko kwenye risiti. Kama huna, watajie mwezi na jina kamili wakutafutie kwenye rejista, ila ujiandae kukaa kwenye benchi.

sheria_mwaka_wa_3:
Bro, kwenye barua ya Kiambu Road taja Katiba ibara ya 35(2), una haki taarifa ya uongo inayokuathiri isahihishwe au ifutwe. Ongeza na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kifungu cha 40. Wakikuzungusha unalalamika kwa Kamishna wa Data. Na mwambie wakala ukweli mapema, umuonyeshe ile kopi yenye muhuri, wengine husubiri.

MamaZuu:
Wengine hawasubiri. Lakini mwambie.

Baharia_Likoni:
Wazee nimerudi. Mama ameikuta risiti kwenye mkebe wa biskuti anamoweka nyuzi zake za kushonea! Wino umefifia lakini nambari inasomeka, nimeiweka kwenye plastiki, kesho saa mbili niko kortini. Dhamana ilikuwa elfu 5, na wallahi sikurudi kuidai.

Rejistri_Mstaafu:
Basi ukimaliza rejistri pitia dirisha la uhasibu uulizie, na beba kitambulisho. Hiyo risiti usimwachie mtu, toa kopi kwanza.