Eliptiko inalia kwii kwii kila nikikanyaga, nifanyeje?

Mama_Bweyogerere
Hamjambo wote, naombeni msaada. Nina eliptiko, ile mashine ya kukanyaga pedali huku mikono inasukuma na kuvuta, nilinunua iliyotumika kwa dada mmoja aliyekuwa anahama Ntinda, hapa Kampala. Magoti yangu hayataki kukimbia ila hii naimudu vizuri kwa sababu mguu hautoki kwenye pedali. Sasa mwezi wa pili huu kila nikikanyaga mguu wa kulia inalia kwii, nikiongeza ugumu inagonga tok, na mimi nafanya saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka, nyumba nzima inasikia. Mume wangu alipuliza WD-40 kila mahali, ikatulia siku mbili ikarudi mbaya zaidi na kwenye reli kumejaa tope jekundu, maana tuko kando ya barabara ya vumbi. Halafu vidole vya miguu vinakufa ganzi baada ya dakika kumi hivi. Naumia kuiona imekaa tu.

fundi_katwe
Pole nnyabo. Hizo ni kelele mbili, kila moja na ugonjwa wake. Kwii ni vigurudumu vinavyopita juu ya reli. WD-40 inalegeza kutu na kuosha grisi, sio ya kulainisha muda mrefu, na ule unyevu unaobaki ndio umeshika vumbi, hilo tope linasaga vigurudumu kama msasa. Futa reli na vigurudumu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kausha kabisa, kisha chukua silikoni ya kupuliza, pulizia kitambaa sio reli, paka nyembamba tu.

Tok mara nyingi ni bolti imelegea. Shika mkono wa pedali ya kulia uutingishe, ukicheza pale unapoingia kwenye ekseli umempata mwizi. Kaza leo leo na usiitumie kabla, chuma kikicheza kinakula tundu lake na hapo ni kuchomelea. Upande wa kushoto angalia kwanza, kuna mashine uzi wa bolti yake unakaza kinyume kama pedali ya kushoto ya baiskeli, usije ukalazimisha ukaukata. Kama baada ya hapo inaunguruma ndani ya kifuniko basi ni beringi, toa ya zamani usome namba pembeni. Mfano 6203 ni tundu 17 mm, nje 40 mm, unene 12 mm, namba hizo ni zilezile dunia nzima kwa hiyo maduka ya spea za magari pale soko la Kisekka watakusaidia.

kocha_nakawa
Dada, ganzi inakuja kwa sababu uzito wote umeuweka kwenye vidole. Shusha kisigino, legeza kamba za viatu kidogo, na kila baada ya dakika tano kanyaga kinyumenyume dakika moja. Usiegemee mikono, mgongo wima. Na usiiweke laini sana, pedali zikizunguka zenyewe gurudumu zito la ndani ndilo linafanya kazi, sio wewe. Kipimo changu: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. WHO, shirika la afya duniani, wanasema angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima, yaani nusu saa siku tano, inatosha kabisa kuanzia.

Okello_E
Cheki na sakafu pia. Yangu ililia wiki tatu kumbe mguu mmoja wa mashine haukugusa simenti, nikazungusha ile skrubu ya chini mpaka ikatulia. Saa hizi nimeweka mpira chini, hata mpangaji wa chini hasikii.

Mama_Bweyogerere
Asanteni sana jamani. Bolti ya kulia nimeizungusha karibu mzunguko mzima ndo ikabana, tok imeisha! Reli nimeosha, maji yalitoka mekundu kama ya kuoshea mihogo shambani, na nimeanza kuifunika shuka nikimaliza. Ila gurudumu moja limemeguka ukingoni, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi hakipo. Nalipata wapi?

fundi_katwe
Usilikanyagie hivyo, litachimba reli. Lifungue uje nalo Katwe pamoja na lile zima la upande wa pili, wale wanaochonga kwa mashine watapima hilo zima wakutolee jingine la nailoni. Waambie wapime na tundu la beringi yake, hapo ndipo wanapokosea sana.