Bamdogo kapata stroku, kila kitu anajibu "hiyo hiyo", akili imeondoka?

mwaloni_kwetu:
Wakuu habari za jioni. Bamdogo wangu ni muuza dagaa pale mwaloni Kirumba, mwezi wa pili sasa tangu apate kiharusi, upande wa kulia ulilegea wote, mguu umeanza kurudi ila mdomo ndo shida, chai utakunywa? hiyo hiyo, unaumwa wapi? hiyo hiyo, halafu anajikasirikia mpaka machozi. Cha ajabu jana shangazi kaanzisha Baba Yetu, jamaa kaimaliza yote! Ndugu wanasema kachanganyikiwa, wanajadili mtaji wake mbele yake.

NesiMstaafu:
Pole mwanangu. Mwambie "fumba macho", "shika pua", bila kumuonyesha. Akifanya basi anaelewa, na hizo habari za mtaji anazisikia. Huko kukwama kwa lugha baada ya ubongo kuumia kunaitwa afasia, sio kuchanganyikiwa. Kwa watu wengi lugha inakaa ubongo wa kushoto, na huo huo ndo unaendesha mkono wa kulia, ndo maana vimeondoka pamoja. Sala, nyimbo, kuhesabu, hata matusi 😂 vimekaririwa, mara nyingi vinabaki. Paris 1861 daktari Broca alikuwa na mgonjwa anayesema "tan" tu, alipofariki wakakuta ubongo umeharibika mbele kushoto. Muulize maswali ya ndiyo/hapana, msubiri, usimmalizie maneno. Dawa za presha asiache!! Na kliniki ulizeni mtaalamu wa mazoezi ya kuongea.

sato_wa_ukerewe:
Bibi yangu alikua kinyume, anaongea mpaka basi ila maneno hayapo duniani na ukimwambia kitu hakielewi, tukasema mashetani, mbuzi wawili wakaenda kwa mganga

NesiMstaafu:
@sato hiyo nayo afasia, ya nyuma kidogo ya ubongo. Mbuzi pole. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea, maneno yakakwama, ni hospitali muda huo huo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima sitiskani (picha ya ubongo) kwanza kwasababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaua.

ng'wana_Sengerema:
Mnamuongelesha lugha gani? Mzee wetu Kiswahili kiligoma kabisa, Kisukuma kikatangulia kurudi. Jaribuni

mwaloni_kwetu:
Mrejesho. Pua kashika, macho kafumba. Asubuhi nimemwambia mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kaitikia vizuri kabisa, nikamuuliza debe la dagaa tuuze bei gani, kasema hiyo hiyo.. ila kanyoosha vidole, na ni bei ya juu kuliko niliyokua nauza mimi