Odoo 14 Community: OpenUpgrade, Enterprise, au kuanza upya kwenye 18?

depo_kampemba

Jambo wakubwa. Kampuni ya vifaa vya ujenzi, Lubumbashi, depo mbili (Kampemba na Likasi), watumiaji 22. Odoo (programu ya mauzo, stoki na uhasibu) 14 Community, yaani ile ya bure; serveri iko ofisini. Hifadhidata GB 11, folda ya filestore (viambatisho) GB 38. Moduli tulizoandikiwa ni 6: uchapaji wa faktire (ankara), bei kwa dola na franka, hati za magari yanayopita Kasumbalesa (mpaka wa Zambia), na tatu ndogo za stoki. Njia ninazoziona: (1) OpenUpgrade, skripti za kupandisha toleo za OCA (jumuiya ya watengenezaji wa moduli za Odoo), bure, (2) kulipia Enterprise (Odoo ya mkataba) na kutumia huduma ya Odoo wenyewe, (3) kusimamisha toleo jipya tupu na kuingiza salio za kufungulia. Nyinyi mngeshika ipi?

fundi_katuba

Anza na lengo. Odoo hutunza matoleo makubwa 3 ya mwisho. 19 ilitoka Septemba 2025, kwa hiyo 17 iko ukingoni: ikitoka 20, inaachwa. Msihangaike kupanda ili mfikie 17. Nendeni 18.

OpenUpgrade hairuki toleo. Ni 14→15→16→17→18, ngazi nne, na kila ngazi ina msimbo (code) wake na mazingira yake ya Python. 17 na 18 zinataka Python 3.10 au zaidi na PostgreSQL 12 au zaidi. Tumia Docker (programu inayotenga kila toleo peke yake), kontena moja kwa kila toleo, usichanganye maktaba. Amri ya kila ngazi:

`odoo-bin -d jaribio --upgrade-path=/opt/OpenUpgrade/openupgrade_scripts/scripts --load=base,web,openupgrade_framework -u all --stop-after-init`

Kabla ya hapo, fungua nyaraka za OpenUpgrade, ukurasa wa moduli zilizokwisha kufanyiwa kazi kwa kila toleo, uzilinganishe moja moja na zile mlizoweka. Moduli isiyo na skripti inaweza kupita bila kosa lolote kwenye skrini huku data yake ikibaki kwenye safu ya hifadhidata ambayo toleo jipya haliisomi.

Moduli zenu 6 ndiyo kazi yenyewe. Kwenye 16, akaunti ya analitiki (ya kugawa gharama kwa idara au mradi) kwenye mstari wa jarida iligeuka `analytic_distribution` na tagi za analitiki ziliondolewa. Kwenye 17, `attrs` na `states` ndani ya view (faili za umbo la skrini) hazikubaliki tena, na `quantity_done` ya stoki ikawa `quantity`. Kwenye 18, `tree` imekuwa `list`. Moduli tatu za stoki zitaanguka hapo kwenye 17, hesabuni hivyo.

Tena, msizifute kwa Uninstall ili "kupunguza mzigo". Kufuta moduli kunafuta na safu zake kwenye majedwali ya hifadhidata. Hati za Kasumbalesa zitaondoka nazo.

nyaya_ruashi

Kwa njia ya 2, faida ni kwamba unatuma nakala ya 14 na inarudi ikiwa 18, hushughuliki na ngazi za katikati. Moduli za Odoo wenyewe wanazibadilisha wao, zile 6 zinabaki juu yenu. Mkataba unalipwa kwa kila mtumiaji, na 22 si kidogo, bosi aone bei kwanza. Nakala inasafiri kwenda na kurudi kwa intaneti, kwa hiyo ipime laini yenu usiku kabla ya kuahidi saa. Unaanza na ombi la `test`. `Production` ni baadaye, watu wakishajaribu.

Kampuni yenye vitabu safi na pesa ya mkataba, mimi ningeipeleka huko bila kubishana.

mama_balansi

Papa wa Kampemba, hapo kwenye "vitabu safi" ndipo nina swali. Sarafu ya kampuni ndani ya Odoo yenu ni franka au dola? Siulizi ya orodha ya bei. Naulizia ile ya Settings > Companies.

depo_kampemba

Dola, mama. Ya DGI (ofisi ya kodi) komptable (mhasibu) anaigeuza kwa Excel mwisho wa mwaka.

mama_balansi

Basi njia ya 1 na ya 2 zote zitawapeleka kasoro hiyo hadi 18. Sheria ya uhasibu ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara) inataka vitabu vishikwe kwa sarafu halali ya nchi, yaani franka. Na Odoo inakataa kubadili sarafu ya kampuni mara tu kukiwa na maandishi kwenye majarida. Hakuna skripti ya kupandisha inayogusa hilo. Kwenu ni njia ya 3, au kampuni mpya ndani ya hifadhidata ileile, ambayo ni usumbufu uleule pamoja na takataka za zamani.

Mwaka wa hesabu kwetu unaanza tarehe 1 Januari, kwa hiyo badilisheni hapo, msikate katikati ya mwaka. Utaratibu wa kuingiza:

Weka kwanza kiwango cha dola cha tarehe 31/12, kile alichofungia komptable. Tengeneza konti moja ya kusubiri (ya muda) chini ya namba 47 ya mpango wa konti wa OHADA. Ingiza balansi ya kufungulia, lakini kiasi cha wateja (411) na cha wauzaji (401) kiandike kwenye konti hiyo ya kusubiri, si kwenye 411 na 401 zenyewe. Kisha ingiza faktire ambazo hazijalipwa, moja moja, kwa sarafu yake ya asili, tarehe 31/12, mstari mmoja unaoelekea konti ya kusubiri, na tarehe ya kulipwa iliyo kwenye faktire ya zamani. Faktire iliyolipwa nusu iingie kwa kile kilichobaki. Mwisho, konti ya kusubiri iwe sifuri. Ikibaki hata franka 500, kuna faktire imesahaulika au kiwango kimekosewa.

Faktire hizo ziingie BILA mstari wa TVA (kodi ya ongezeko la thamani), kiasi chote kinachodaiwa kikiwa kwenye mstari ule mmoja. TVA yake ilikwisha kutangazwa kule kwa zamani. Ukiweka asilimia 16 tena, itahesabiwa mara ya pili, wakati kila mtu bado anatafuta vitufe.

fundi_katuba

Nakubali kuhusu sarafu, hiyo inamaliza ubishi. Lakini njia ya 3 inapoteza historia: mteja alinunua nini, kwa bei gani, miaka yote hiyo. Wauzaji wa depo wanaitumia kila siku.

mama_balansi

Haipotei, mzee, inabaki kwenye 14. OHADA inataka hati za uhasibu zihifadhiwe miaka 10, kwa hiyo serveri ya zamani haizimwi. Watumiaji wapewe ruhusa ya kusoma tu, majarida yafungwe kwa tarehe, barua pepe na kazi za kujiendesha (zile Odoo inazofanya yenyewe kwa ratiba) zizimwe. Mkiacha zile kazi, wateja watapata ukumbusho wa madeni waliyokwisha kulipa.

nyaya_ruashi

Na ile 14 isionekane kwenye intaneti, iwe ya mtandao wa ndani tu, maana haipati tena marekebisho ya usalama.

Kuhusu SNEL (shirika la umeme), kwa yeyote atakayeshika njia ya 1: umeme ukikatika katikati ya ngazi, usiendelee pale ulipoishia. Baadhi ya moduli zimekwisha kuandikwa, nyingine bado. Rudisha nakala ya hifadhidata (`pg_dump -Fc`) ya ngazi iliyotangulia, anza ngazi hiyo upya. Kila ngazi iwe na nakala yake, kwa GB zenu 11 tengeni diski ya GB 150 bila kuibana. Serveri iwe kwenye onduleri (UPS, betri ya akiba) na amri iendeshwe ndani ya `tmux`, ili laini ya SSH ikikatika kazi isife.

Kwenye serveri mpya ya 18, weka wkhtmltopdf (programu inayotengeneza PDF za faktire) 0.12.6 yenye Qt iliyorekebishwa. Ile inayokuja na Ubuntu inachapa faktire bila kichwa wala mguu.

depo_kampemba

Asanteni, tunashika ya 3. Stoki sasa. Saruji tunahesabu kwa mfuko, misumari wengine waliingiza kwa kilo na wengine kwa katoni. Na bei ya wastani tutaibebaje?

mama_balansi

Misumari irekebisheni kwenye Excel kabla ya kuingiza, kipimo kimoja cha msingi kwa kila bidhaa. Bidhaa ikishatembea, Odoo haikuruhusu kubadili kipimo chake.

Bei: ingiza bidhaa na gharama yake kwa franka KWANZA, idadi baadaye. Ukitanguliza idadi, stoki yote inathaminiwa kwa sifuri, na kuisahihisha baadaye ni maandishi mengine juu ya maandishi. Kabla ya kuthibitisha hesabu, nenda kwenye eneo la marekebisho ya stoki, konti yake ielekeze kwa muda kwenye konti ya kusubiri, na tarehe ya uhasibu iwe 31/12. Kiasi cha konti ya 31 (bidhaa za stoki) kwenye balansi ya kufungulia nacho kipitie hapohapo, zikutane. Ukimaliza, rudisha konti ya kawaida, la sivyo kila upungufu wa Likasi utajificha kwenye 47.

fundi_katuba

Na idadi itoke kwenye kuhesabu depo kwa macho, tarehe 31 jioni milango ikiwa imefungwa. Msiichukue kutoka 14.