Mrejesho: Kuoga ndani ya gari-nyumba bila kumaliza tangi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza namna ya kuoga ndani ya gari-nyumba letu, ambalo tangi lake la lita 100 lilikuwa likikauka kwa siku 2 tu tukiwa safarini Uskoti. Nilifuata ule wa kujimwagia kidogo, kufunga bomba, kujisugua kisha kusuuza, na kukinga kwa ndoo maji baridi yanayotangulia ya moto, ambayo sasa tunaoshea vyombo. Tangi linafika siku 4. Bomba la mkono lenye kitufe cha kuzimia, hata hivyo, limenishinda, kwani kila ukilifungua upya maji huja ya kuunguza, na mke wangu amerudia ndoo na kopo kama kwao Tanga: lita 5 zinamtosha, isipokuwa siku ya kuosha nywele.